Je, Ni Kweli Ajali Haina Kinga? Historia Fupi ya Majeraha ya Uso

Vuta kigoda uketi. Kama unachambua mchele au unamenya viazi, endelea na kazi yako. Mimi naomba masikio tu. Na kama baba au nyanya yuko karibu, mwambie naye asogee, kwa sababu jambo la leo linamhusu kila anayelea mtoto.

Leo tunazungumza juu ya uso na yale yanayouumiza, yaani ajali za barabarani na kuanguka. Nitaanza na kisa kimoja.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mgeni kazini, nililetewa mtoto wa miaka minne. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi za ploti na kuangukia kidevu. Chini ya kidevu palikuwa na mpasuko mdogo, hauzidi urefu wa kucha ya kidole gumba. Nilimsafisha, nikamshona nyuzi tatu, nikatazama kadi yake ya chanjo, nikampa mama dawa ya maumivu. Mama alinishukuru. Jirani aliyewasindikiza akapumua akasema, "Ndiyo dunia, ajali haina kinga." Nami nikaitikia kwa kichwa. Wakaenda zao, nikamwita mgonjwa mwingine.

Nitarudi kwa mtoto huyo baadaye, kwa maana kuna jambo moja sikulifanya siku hiyo. Kwanza nataka tuichunguze ile methali. Nimesoma historia ya majeraha ya uso tangu wakati huo, na nimeona kwamba historia haikubaliani na jirani yule.

TAYA LILILOSHINDA WAGANGA

Uso umekuwa ukiumia tangu binadamu aanze kupanda miti na kugombana. Maandishi ya zamani sana kuhusu jambo hili yanatoka hapa hapa Afrika, nchini Misri. Mwaka 1862 Mmarekani mmoja, Edwin Smith, alinunua hati ya mafunjo katika mji wa Luxor. Hati hiyo iliandikwa miaka kama 3,600 iliyopita, na wataalamu wanasema ilinakiliwa kutoka kwa maandishi ya kale zaidi. Tafsiri yake kamili ilipotolewa mwaka 1930, watu waliona kwamba ni kitabu cha mganga wa majeraha. Ina visa 48, na inaanzia kichwani, inashuka usoni, shingoni, hadi kifuani.

Kwa mtu ambaye taya lake limechomoka, mganga anaelekezwa aweke vidole gumba ndani ya mdomo, juu ya ncha za taya, na vidole vingine chini ya kidevu, kisha alisukume taya lirudi mahali pake. Mama, hivyo ndivyo tunavyofanya hospitalini hadi leo. Kwa pua iliyovunjika, anaambiwa aondoe damu iliyoganda ndani, aweke vitambaa vya kitani, na aifunge kwa nje ikae wima. Lakini anapofika kwa mtu aliyevunjika taya, ana kidonda wazi na homa imempanda, hati inasema kwa ufupi kwamba huo ni ugonjwa usiotibiwa.

Kwa nini? Kwa sababu mdomo una vijidudu vingi. Mfupa uliovunjika ukigusana na mate huingia usaha, na siku zile hapakuwa na dawa ya kuzuia. Tena taya halikai kimya. Mkono uliovunjika unaweza kuufunga na kuuacha, lakini taya hulihitaji kila unapokula, unapomeza na unapozungumza.

Kwa maelfu ya miaka msaada mkubwa ulikuwa kitambaa kilichopitishwa chini ya kidevu na kufungwa fundo utosini. Mwaka 1887 daktari wa Marekani, Thomas Gilmer, alionyesha njia bora: kufunga meno ya chini na ya juu kwa waya ili taya litulie mpaka lishike. Mwaka 1901 René Le Fort, huko Lille, Ufaransa, alifanya majaribio kwa mafuvu ya maiti, akayagonga pande mbalimbali, akaona kwamba mifupa ya katikati ya uso huvunjika kwa kufuata mistari mitatu. Jina lake bado tunaliandika kwenye faili za wagonjwa.

Mwaka huo huo wa 1901, huku kwetu, hospitali ndogo ya Waafrika ilifunguliwa Nairobi ikiwa na vitanda 40. Ndiyo ambayo leo ni Hospitali ya Taifa ya Kenyatta.

VITA VILIPOJAZA WODI

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Wanajeshi walikaa ndani ya mahandaki, mwili umefichwa, kichwa kikichungulia nje. Vipande vya mizinga vikawapata usoni. Maelfu ya vijana walirudi nyumbani bila pua, bila taya, bila mdomo wa kushika kijiko.

Daktari mmoja aliyezaliwa New Zealand mwaka 1882, Harold Gillies, aliomba apewe wodi ya watu hao nchini Uingereza. Vita vya Somme vilipoanza Julai 1916, yeye na wenzake walijitayarisha kupokea majeruhi 200 wa uso. Wakaja kama 2,000. Mwaka 1917 ikafunguliwa hospitali nzima kwa ajili yao, mjini Sidcup, karibu na London. Katika hospitali hiyo wanaume zaidi ya 5,000 walifanyiwa upasuaji zaidi ya mara 11,000. Tazama hesabu hiyo vizuri, mama. Uso mmoja hautengenezwi kwa siku moja. Wengine walilala mezani mara kumi au zaidi.

Kuna habari mbili za Sidcup zisizonitoka moyoni. Ya kwanza ni kwamba vioo vilikatazwa wodini, ili mgonjwa asijione kabla ya wakati. Ya pili ni kwamba kwenye barabara ya kwenda mjini viliwekwa viti vilivyopakwa rangi ya buluu. Mwenyeji akikiona kiti hicho alijua kwamba aliyeketi hapo ana uso ulioharibika, ajiandae asishtuke. Jeraha la mguu hufunikwa kwa suruali. Jeraha la uso humtangulia mtu mlangoni.

Gillies alikuwa na binamu, naye pia mzaliwa wa New Zealand, aitwaye Archibald McIndoe. Katika Vita vya Pili, McIndoe aliwatibu marubani walioungua nyuso na mikono katika mji wa East Grinstead. Huyu hakuwaficha wagonjwa wake. Aliwatoa nje, akawaomba wenyeji wawakaribishe na wawatazame usoni bila kugeuka.

Huenda unauliza, hayo ya Uingereza yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Mwaka 1957 McIndoe, pamoja na daktari Michael Wood aliyekuwa akifanya kazi Kenya, na Mmarekani Thomas Rees, walianzisha shirika ambalo sasa sote tunalijua kwa jina la AMREF, likiwa na madaktari wanaoruka kwa ndege. Wote watatu walikuwa mabingwa wa kutengeneza nyuso na ngozi zilizoharibika. Mpango wao waliuzungumza chini ya Mlima Kilimanjaro. Wood alikuwa ameona watu wa mashambani wakiumia mbali na hospitali, na madaktari wa kazi hiyo hawakufika hata vidole vya mkono mmoja. Akaona kwamba kama mgonjwa hawezi kumfikia daktari, basi daktari amfuate. Kwa hiyo, mama, ukiiona ndege yao ikiruka kutoka uwanja wa Wilson, jua kwamba mzizi wake mmoja umetoka kwenye wodi za nyuso.

WALIOULIZA: NI NINI KIMEUGONGA USO HUU?

Mpaka hapo tumezungumza juu ya kutengeneza. Lakini wako madaktari waliochoka kushona nyuso zile zile kila Jumatatu, wakaanza kuuliza: ni nini hasa kimeugonga uso huu?

Katika miaka ya 1930, mjini Detroit, Marekani, alikuwapo daktari Claire Straith. Detroit ndio mji ulioundwa magari. Straith aliona kwamba wengi aliowashona walikuwa wameketi kiti cha mbele kando ya dereva, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Gari liliposimama ghafla, dereva alizuiwa na usukani, lakini aliyekaa kando alirushwa mbele, uso ukagonga dashibodi yenye vifundo na vishikio vya chuma. Straith aliwaendea watengenezaji wa magari, akawaomba waondoe vifundo vile na waweke kitu laini. Mwaka 1937 yakatoka magari yenye dashibodi bapa isiyo na vifundo vilivyochomoza. Hakuwa mhandisi. Alikuwa mshonaji wa nyuso aliyeuliza swali.

Wa pili ni Hugh Cairns, daktari wa ubongo mzaliwa wa Australia. Mei 1935 alikuwa mmoja wa walioitwa kumtazama T. E. Lawrence, mwanajeshi na mwandishi mashuhuri wa Uingereza, aliyeanguka na pikipiki bila helmeti. Lawrence alifariki baada ya siku sita. Cairns akaanza kuhesabu. Mwaka 1941 aliandika kwamba katika miezi 21 ya mwanzo wa vita, waendeshaji pikipiki na abiria wao 2,279 walikuwa wameuawa barabarani Uingereza. Alipata wachache tu waliokuwa wamevaa helmeti, na wote hao walipona. Kabla mwaka huo haujaisha, jeshi la Uingereza likawalazimisha wanajeshi wake wa pikipiki kuvaa helmeti.

Mwaka 1959 Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo, Uswidi, akatengeneza mkanda wa gari unaopita begani na kiunoni. Mwaka 1970 jimbo la Victoria, Australia, likawa la kwanza kulazimisha watu kuufunga.

Kwa hiyo, mama, ajali iliyokuwa ikisemekana haina kinga ilipata kinga kila mara mtu alipokaa chini, akahesabu majeruhi, akauliza walipogonga.

HUKU KWETU KENYA

Kwetu historia ina sura yake. Uchunguzi kuhusu waliovunjika taya Nairobi uliochapishwa mwaka 1990 ulionyesha kwamba sababu kubwa wakati huo haikuwa gari. Ilikuwa ni watu kupigana, na wanaume walikuwa wengi mara nyingi kuliko wanawake. Ngumi, rungu, chupa na pombe ndivyo vilivyojaza kliniki za meno na taya.

Barabara nayo ikaongeza mzigo wake. Wengi wenu mnakumbuka matatu za miaka ile ya 1990: abiria wamebanana kama dagaa, wengine wamening'inia mlangoni, muziki juu, mwendo wa kufa mtu. Mwaka 2003 serikali ikatoa kanuni mpya, na tarehe 1 Februari 2004 zikaanza kutekelezwa chini ya waziri wa uchukuzi, marehemu John Michuki. Mkanda kwa kila abiria, kidhibiti mwendo kisichopita kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano, sare kwa dereva na makanga. Siku zile magari yalitoweka barabarani, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini. Mimi nilikuwa msichana wa shule, nikatembea pia. Tulinung'unika sana. Sasa nikiwa muuguzi ninaelewa kwamba mkanda ule ulikuwa unazuia pua yangu isigonge chuma cha kiti cha mbele.

Kisha ikaja bodaboda. Jina lenyewe lilizaliwa mpakani Busia, ambako vijana wa baiskeli walivusha watu kutoka mpaka hadi mpaka kati ya Kenya na Uganda. Mwishoni mwa miaka ya 2000 kodi ya pikipiki ndogo ilipunguzwa, na baiskeli ikawa pikipiki. Siwezi kuisema bodaboda vibaya tu. Imewafikisha akina mama wengi hospitalini kujifungua usiku wa manane. Lakini pikipiki haina dashibodi wala mkanda. Ikianguka, kitu cha kwanza kukutana na lami ni uso. Siku hizi katika hospitali nyingi watu hawasemi tena wodi ya waliovunjika. Wanasema wodi ya bodaboda.

Tangu 2021, zaidi ya watu 4,000 wamekufa kila mwaka katika barabara za Kenya. Hao ni waliokufa. Waliorudi nyumbani na taya lililofungwa waya ni wengine.

MZIGO ANAOUBEBA MAMA

Hebu tuuhesabu mzigo huo kwa mgonjwa mmoja. Kijana ameanguka na bodaboda, taya limevunjika mahali pawili na mfupa wa shavu umeingia ndani. Kwanza anahitaji kuangaliwa kama anapumua vizuri, kwa maana damu na ulimi vinaweza kuziba koo. Anahitaji kuangaliwa shingo na ubongo, kwa sababu pigo lililovunja uso halikuishia usoni. Anahitaji picha, na mara nyingi picha ya kawaida haitoshi, lazima apigwe ile ya skani. Anahitaji daktari bingwa wa mdomo na taya, na hao wengi wako katika hospitali za miji mikubwa. Akifika anapanga foleni ya chumba cha upasuaji nyuma ya mama anayetoka damu na mtoto mwenye utumbo uliojifunga, kama inavyopasa. Anahitaji vipande vidogo vya chuma na skrubu, au waya. Kama ni waya, mdomo utafungwa wiki nne hadi sita, na chakula chake kitakuwa uji, maziwa na supu kwa mrija.

Ni nani anayepika uji huo na kuuchuja? Ni nani anayelala sakafuni kando ya kitanda, na nani ameacha kibanda chake cha mboga kimefungwa? Ni mama, mke au dada. Tangu Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF nafasi yake imechukuliwa na SHA. Kama hujasajili watu wa nyumba yako, fanya hivyo wakati wote ni wazima. Lakini hata bima ikilipa kitanda, nauli na siku za kazi zilizopotea ni zako.

NYUMBANI, PALE TUNAPODHANI PAKO SALAMA

Watoto wetu wadogo hawaendeshi pikipiki. Wao huanguka. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kila mwaka watu kama milioni 37.3 duniani huanguka vibaya kiasi cha kuhitaji matibabu, na 684,000 hufa kwa kuanguka. Mtoto anayejifunza kutembea ana kichwa kizito kikilinganishwa na mwili wake, na mikono bado haijajua kujikinga. Akijikwaa, hutanguliza uso. Huangukia kona ya meza, ukingo wa jiko, ngazi za ploti. Wale wakubwa kidogo huanguka kutoka juu ya mwembe au mparachichi wakati wa matunda. Nyanya zetu nao huanguka usiku wakienda choo cha nje bila taa.

Sasa nirudi kwa yule mtoto wa nyuzi tatu. Baada ya miaka miwili hivi, mama yake alimleta kwangu tena. Alilalamika kwamba hali chakula, haongezi uzito, na usiku anakoroma kama mzee. Nikamwambia mtoto afungue mdomo. Meno yaliachana kiasi cha upana wa kidole kimoja, basi. Meno ya nyuma yalikuwa yameoza kwa sababu mswaki haukuweza kuingia. Kidevu kilikuwa kimebaki kidogo, kimerudi nyuma. Na chini yake palikuwa na kovu langu, limepona vizuri kabisa.

Mama, hivi ndivyo ilivyokuwa. Mtoto anapoangukia kidevu, nguvu ya pigo haibaki kidevuni. Hupanda na taya hadi kwenye ncha zake mbili zilizo mbele ya masikio, na huko ndiko mfupa huvunjika. Kwa nje unaona mpasuko mdogo tu. Mtoto anaumwa, kwa hiyo hafungui mdomo, na kiungo kisichotembezwa kinaanza kugandana na fuvu. Tena sehemu hiyo ndiyo inayokuza taya, hivyo taya linaacha kukua. Likigunduliwa mapema, mara nyingi tiba ni chakula laini, mazoezi ya kufungua mdomo na kumfuatilia mtoto anapokua. Likigunduliwa baadaye, ni upasuaji mkubwa.

Mama yule aliniuliza swali moja: "Sista, siku ile hukuona?" Nilimwambia ukweli. Sikutazama. Nilishona kidonda nilichokiona, sikuuliza kidevu kiligonga nini wala pigo lilikwenda wapi. Kulikuwa na kazi ya sekunde kumi tu, kumwambia mtoto afungue mdomo, nami sikuifanya.

Alipelekwa hospitali ya rufaa, akapasuliwa. Kwa miezi mingi mama yake alimfanyisha mazoezi kwa vijiti vya mbao kati ya meno, mtoto akilia na mama akilia. Leo anakula ugali na wenzake. Kidevu bado ni kifupi, na huenda akahitaji upasuaji mwingine akikua. Tangu siku hiyo, mtoto yeyote aliyeangukia kidevu haondoki mbele yangu kabla sijaona mdomo wake ukifunguka.

UFANYE NINI?

Mtu akiumia uso, mketishe ainame mbele ili damu itoke nje, isirudi kooni. Akiwa amezimia, mlaze ubavu, na mmshike kichwa na shingo pamoja bila kuipinda. Bana kidonda kwa kitambaa safi kwa dakika kumi bila kuchungulia chungulia. Usitie majani, tumbaku, sukari, mafuta ya taa wala udongo.

Jino la ukubwani likitoka zima, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi na usiusugue. Lisuuze kidogo, lirudishe kwenye shimo lake, mtoto aume kitambaa. Ukishindwa, litie katika maziwa baridi na ukimbie kwa daktari wa meno ndani ya saa moja. Jino la utotoni usilirudishe, maana utaharibu lile linalokuja chini yake.

Nenda hospitali bila kungoja ukiona dalili hizi: meno hayakutani kama zamani, mdomo haufunguki, jicho linaona vitu viwili, shavu limekufa ganzi, maji maangavu yanatoka puani au masikioni, mtu anatapika au amepoteza fahamu hata kidogo. Na ukiambiwa kidonda cha kidevu ni kidogo, sema hivi bila woga: "Daktari, naomba umtazame taya." Kisha nyumbani mwangalie mwenyewe. Mtoto mzima hufungua mdomo kiasi cha vidole vyake vitatu vilivyopangwa wima. Baada ya wiki moja kama havipiti, mrudishe.

Na kinga? Ngazi iwekewe kizuizi. Mtoto asikimbie na kijiko au mswaki mdomoni. Kwenye matatu, funga mkanda wako, mtoto mchanga umpakate nje ya mkanda huo, na usiketi naye kiti cha mbele. Kwenye bodaboda, mtoto asikalishwe juu ya tangi. Pale uso wake ndio unaotangulia usukani. Sheria ya trafiki tangu 2012 inataka mwendeshaji na abiria wote wavae helmeti. Utafiti umeonyesha kwamba helmeti hupunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia kama 69 na vifo kwa asilimia kama 42. Kama unaogopa jasho la wengine, vaa leso yako ndani. Kamba ya kidevu ifungwe, na ile inayofunika kidevu ni bora kuliko ile ya juu tu.

Neno la mwisho ni gumu kidogo. Si kila uso ulioumia umeanguka. Wako akina mama wanaoniambia "niligonga mlango" mara ya tatu kwa mwaka. Mama, ukiniambia ukweli nitaufunga moyoni. Simu 1195 hupokelewa bila malipo kwa dhuluma za nyumbani, na 116 kwa watoto. Hiyo nayo ina kinga.

Wazee wetu walitupa methali nyingi. Waliosema ajali haina kinga walikuwa wakimfariji aliyekwisha kuumia, na faraja ni nzuri. Lakini hao hao walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo jioni pita nyumbani mwako, upige magoti uwe na kimo cha mtoto wako, utazame: ni kitu gani hapa kinaweza kuugonga uso huu? Kisha kiondoe.

  

Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Ni mahali gani nyumbani au kwenye ploti yenu ambapo watoto wameanguka zaidi ya mara moja? Mmefanya nini?
2. Kwa nini abiria wengi hukataa helmeti ya bodaboda, na kikundi kinaweza kufanya nini?
3. Mwanakikundi aonyeshe jinsi ya kumketisha mtu anayetoka damu usoni, na jinsi ya kupima mdomo wa mtoto kwa vidole vyake vitatu.